Jiwe la Mwisho la Ukoo wa Abiru

Kila alipofika juu makaburini, simu ya Mzee Tokuji ilimkaribisha Korea.

Alikuwa hajatoka Tsushima, kisiwa cha Japani. Alikuwa ametoka tu nyumbani kwake, akapanda ngazi mia na kumi na mbili za mawe, akapumzika mara mbili kwa ajili ya magoti, na sasa amesimama kwenye makaburi ya ukoo wa Abiru na ndoo ya maji mkononi. Lakini kutoka pale juu Korea iko karibu kuliko bara la Japani lenyewe, na mitambo ya simu ya ng'ambo humdaka mtu kama mwenye duka anavyomdaka mpita njia. Simu ikatetemeka mfukoni. Hakuitoa. Alijua imesema nini. Mara ya kwanza Sumie, mkewe, ndiye aliyemsomea, wakacheka mpaka Sumie akaketi chini. Tumefika ng'ambo na viatu vya bustani, alisema.

Siku zile walikuwa wakicheka.

Maji ya kwanza aliyamimina kwenye jiwe la mwisho, lile la pembeni kabisa. Halikuwa na maandishi. Lilikuwa jiwe la ufukweni tu, kubwa kama mtungi wa kuchachushia mboga, nalo lilitazama upande tofauti na mengine. Mawe ya Abiru yote yalitazama kijiji. Hili lilitazama kaskazini magharibi, baharini, kule ambako siku isiyo na ukungu majengo ya Busan, mji wa Korea, huonekana yamejipanga kama meno. Akamwaga pombe ya mchele kidogo mbele yake. Akawasha sigara, akavuta pumzi moja ili ishike moto, akaiweka juu ya jiwe. Baada ya hapo ndipo alipowanywesha baba yake, mama yake, na Sumie.

Ndivyo mama yake alivyoagiza. Mgeni hunywa kwanza.

Mgeni huyo alikuja Tokuji akiwa na miaka mitano, mwaka ule vita vilipowaka kule ng'ambo. Vuli ile bahari ilileta vitu vingi ambavyo watoto walikatazwa kuvitazama. Mama yake alikuwa anakusanya mwani kwenye miamba alipomkuta amelala kifudifudi. Bahari ilikuwa imeshamfuta uso. Alikuwa na suruali nyeupe na kiatu kimoja cha mpira mweupe. Mama akasema ni mwanamume, kwa sababu ya suruali, na kwa sababu wanaosafiri baharini ni wanaume. Akaita wanawake wenzake wawili, wakamchukua kwenye mkeka wa kuanikia mwani, wakampandisha ngazi zote zile. Hakuna aliyeuliza kwa nini azikwe kwa Abiru. Aliyemwona wa kwanza ndiye mwenyeji wake. Mama akageuza jiwe litazame kwao, ili asikae amewapa watu wake mgongo. Tangu siku hiyo wakamwita Bwana Mgeni.

Kila mwaka mwishoni mwa sikukuu ya wafu kijiji kilishusha vimashua vya majani makavu baharini, vimebeba taa, kuwarudisha wafu walikotoka. Mama alisuka kimoja cha ziada. Tokuji alikuwa akisimama majini mpaka magotini na kukitazama. Kila mwaka kilikwenda hatua chache mbele, kikapinda kulia, kikaenda zake kaskazini mashariki pamoja na vingine. Mkondo wa mlango ule wa bahari ndivyo ulivyo. Unaleta kutoka kwao kuja kwetu. Haurudishi. Mama alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, na aliendelea kusuka.

Tokuji hakusoma sana. Alipofikisha miaka kumi na miwili aliacha shule akamfuata baba yake msituni, na huko akabaki, akikata magogo ya mwaloni na kupanda uyoga juu yake. Bahari hakuipenda. Alimwoa Sumie kutoka kijiji cha nyuma ya mlima, na mama yake alipozeeka, ndoo ikawa ya Sumie. Maji, pombe, sigara, tarehe mosi na tarehe kumi na tano. Miaka hamsini. Tokuji kazi yake ilikuwa kununua sigara.

Sumie ndiye aliyefungua nyumba ya wageni. Vyumba vinne, vyote vinatazama maji. Boti ya kutoka Busan ilipoanza kuja hadi bandari ya Hitakatsu, safari ya saa moja na dakika kumi, wavuvi wa ndoano walimiminika kama mbu. Walikuja Ijumaa na fimbo zao za kuvulia na maboksi ya barafu, wakasimama juu ya miamba mpaka Jumapili, wakala, wakaimba, wakarudi kazini. Sumie akajifunza maneno yao jikoni. Akajifunza hata kachumbari yao ya pilipili, akaikosea kila mara, nao wakaila kwa adabu.

Aliyerudi kuliko wote alikuwa Bwana Pyo, fundi wa kuweka vigae, mtu wa Busan, mnene, asiyejua kunyamaza. Alipenda kumchokoza Sumie kwamba Tsushima ni ya Korea tangu enzi za mababu, ramani anazo.

"Chukueni," Sumie alimjibu, akampa fagio. "Mmeshaanza kuhamia. Chupa zenu ziko ufukweni, maboya yenu yako ufukweni, madumu yenu yako ufukweni. Kazoe mali yako."

Na Bwana Pyo alikwenda kweli, akazoa nusu siku, akarudi analalamikia mgongo.

Halafu ulikuja mwaka ambao wakubwa wa Tokyo na wakubwa wa Seoul waligombana, jambo la zamani kuongezea jambo jipya. Tokuji hakulielewa lote. Alichoelewa ni kwamba simu ya Sumie ililia wiki nzima, na kila aliyepiga aliomba radhi na kufuta chumba. Bwana Pyo alipiga wa mwisho. Alisema kwa aibu kwamba kazini kwake ukionekana na picha ya Japani unanuniwa mwezi mzima. Sumie akamwambia avumilie, watanyamaza, si mara ya kwanza. Boti zikaja tupu, kisha hazikuja. Kabla hawajanyamaza likaja gonjwa, bahari ikafungwa kabisa, na mwaka wa pili wa kufungwa kwake Sumie alianguka jikoni.

Alikaa hospitalini siku tisa. Siku ya saba alimwambia Tokuji, "Mgeni usimwache nyuma. Hana wa kumwita." Hakueleza zaidi. Hakuwa na pumzi ya kueleza.

Tokuji akachukua ndoo.

Sasa ilikuwa Oktoba, boti zimerudi kidogo kidogo, na Tokuji alikuwa anahama. Ritsuko, binti yake, alikuwa amelishughulikia hilo miaka miwili kutoka jiji la Fukuoka. Basi halifiki tena kijijini. Zahanati hufunguliwa siku mbili kwa wiki. Nyumba kumi na nne, watu tisa. Uyoga wenyewe nguruwe wanamaliza. Na kwa kuwa hakuna atakayebaki wa kumimina maji, makaburi nayo yangefungwa. Tarehe ishirini Novemba mtawa wa hekalu angekuja kusoma, fundi wa mawe angeng'oa, na mifupa ya Abiru ingehamia Fukuoka, kwenye jengo la hekalu lenye makabati madogo, lifti, na viyoyozi. Tokuji alikubali. Alikuwa amechoka kukataa.

Lililobaki ni jiwe la mwisho.

Ritsuko alisema kwa upole kwamba kabati ni la familia. Kisha akasema lililokuwa rohoni. "Baba, umweke mwanamume tusiyemjua bega kwa bega na Mama? Milele?"

Ukweli ni kwamba hata Tokuji lilimkaa vibaya. Pale mlimani kila mtu alikuwa na udongo wake, na Bwana Mgeni alikaa pembeni kama mtu mwenye heshima zake. Kabati lilikuwa na upana wa dhiraa moja. Kwenye ofisi ya mji walimwambia kwamba asiye na jina anaweza kuwekwa katika shimo la pamoja la wasio na wenyewe. Tokuji alilitazama shimo hilo, lenye mfuniko wa zege, nyuma ya maegesho ya magari. Akarudi nyumbani kwa miguu akapitiliza njia panda bila kujua.

Siku za kwanza baada ya hapo alilala mchana.

Bwana Pyo alifika Jumamosi asubuhi, miaka minne na miezi mitatu tangu simu ile ya aibu. Alikuwa amepungua. Alisimama uani na boksi lake la barafu begani, akaita kama alivyozoea kuita, "Mama, wenye kisiwa tumerudi! Fagio liko wapi?"

Tokuji akatoka. Wakatazamana. Bwana Pyo akaangalia nyuma yake, mlangoni, akaangalia dirisha la jikoni lililofungwa kwa ubao, akalitua boksi taratibu.

"Nilipiga simu," akasema. "Nilipiga sana. Ikasema namba haipo."

"Ilikuwa kwa jina lake," Tokuji akasema. "Walikata."

Bwana Pyo akalia waziwazi, mtu mzima wa miaka sitini na tatu, kwa sauti. Tokuji hakuwa ameona mtu akilia hivyo, hata msibani. Kwao watu walikuwa wamelia ndani ya leso. Alisimama pembeni akiwa hajui pa kuweka mikono, na kwa namna fulani akapata nafuu, kana kwamba mwenzake amemshikia mzigo kidogo.

Wakapanda makaburini. Bwana Pyo akamsujudia Sumie kwa desturi ya kwao, paji la uso mpaka ardhini, mara mbili. Simu ya Tokuji ikatetemeka, yule mwenzake akaisikia, akajua ni Korea inayomkaribisha, akacheka huku akijifuta. Ndipo akaliona jiwe la pembeni, na sigara iliyoungua nusu juu yake, na jinsi lilivyogeuka. Alilala kwenye nyumba ile safari thelathini na hakuwahi kuambiwa. Sumie aliona si vizuri kumpa maiti mtu aliyekuja kupumzika.

Tokuji akamweleza. Hakuwa mtu wa maneno, kwa hiyo alieleza kwa mafungu, akipumzika katikati. Suruali, mkeka wa mwani, mashua za majani. Bwana Pyo hakumkatiza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Waliporudi nyumbani Tokuji akashusha kopo la biskuti kutoka juu ya madhabahu ya nyumbani. Mama yake alikuwa amekihifadhi kile kiatu, ili siku ndugu wakija wakitambue. Mpira ulikuwa umegeuka rangi ya chai na kukauka kama ganda la chungwa.

Bwana Pyo akakigeuza, akakisogeza dirishani, akapitisha kidole kwenye ncha yake, mahali ilipochongoka na kujikunja juu.

"Mzee," akasema, "huyu mliyekuwa mkimpa pombe ni nani?"

"Bwana Mgeni."

"Na sigara?"

"Sigara tangu mimi mdogo. Baba alikuwa anampa za kusokota."

"Mzee. Kiatu cha mwanamume wa kwetu ni butu. Hiki chenye pua ya juu hivi ni cha kike. Bibi yangu alivaa hivi hivi, vyeupe, alikuwa akivisugua kwa majivu kila jioni."

Tokuji akamwambia kulikuwa na suruali. Nyeupe. Mama yake aliiona kwa macho yake.

"Ya ndani," Bwana Pyo akasema. "Sketi huvaliwa juu yake. Sketi ilichukuliwa na maji."

Wote wawili wakakitazama kile kiatu. Tokuji akahesabu kimoyomoyo, akashindwa, akaanza upya. Miaka sabini na mitatu. Mara mbili kila mwezi. Akamwona mama yake anamimina pombe kwa uso mzito. Akamwona Sumie anakohoa akiwasha sigara, yeye asiyevumilia moshi, akimwomba radhi Bwana Mgeni kwamba safari hii chapa yake anayoipenda imekwisha dukani. Kitu kikamkwama kifuani, kikapanda. Alidhani ni kikohozi. Kilikuwa kicheko. Kilitoka kibovu, kwa kukwaruza, kama mlango uliokaa bila kufunguliwa. Bwana Pyo naye akashindwa kujizuia.

"Bibi wa watu," akasema, akijipiga paja. "Atakuwa amevuta mpaka amezoea."

"Na matusi ya ulevini ameyasikia yote," Tokuji akasema, maana baba yake kila mwaka mpya alikwenda kumsimulia Bwana Mgeni mambo ya kiume. Hapo wakacheka mpaka Tokuji akashika meza. Mara kicheko kikakatika. Chumba kikawa kitupu zaidi ya mwanzo. Mtu aliyepaswa kusikia hilo kabla ya wote hakuwepo.

Bwana Pyo akasema atamrudisha kwao. Alilisema kama mtu anayechukua mfuko sokoni. Boti ni saa moja na dakika kumi, yeye anaondoka Jumanne, kuna mlima nyuma ya Busan alipozikwa bibi yake, mahali panaangalia bahari. Tokuji alihisi mabega yake yanashuka. Ndilo alilokuwa akilitaka bila kuthubutu kulitaja. Mkondo haurudishi, lakini boti inarudi.

Jumatatu walikwenda ofisi ya mji. Dada wa pale, mpole, akatoa fomu. Jina la marehemu. Tarehe ya kuzaliwa. Ndugu anayempokea. Akapekua kitabu cha sheria, akapiga simu sehemu mbili, akainamisha kichwa. Mifupa isiyo na jina haiwezi kupewa cheti, na bila cheti haiwezi kuvuka mpaka. Bwana Pyo naye akapiga simu kwao, akaongea kwa sauti, kisha kwa sauti ndogo, kisha akazima.

"Wanasema hivyo hivyo," akasema. "Mzee, tumepata jambo ambalo Seoul na Tokyo wamekubaliana."

Wakarudi. Garini Bwana Pyo akapendekeza boksi la barafu. Samaki juu, kitambaa chini, nani atafukua. Alisema kwa utani lakini macho yake hayakuwa na utani. Tokuji akaendesha mpaka kwenye mzingo wa barabara ndipo akajibu.

"Alikuja bila kuagwa na mtu. Hataondoka kama samaki."

Bwana Pyo akatikisa kichwa kukubali. Baadaye kidogo akauliza kuhusu kiatu. Kiatu hakihitaji cheti.

Tokuji alimsindikiza Hitakatsu siku ya pili yake. Kwenye ukaguzi yule afisa alikitoa kwenye gazeti, akauliza kingine kiko wapi. "Kinatafutwa," Bwana Pyo akasema, "hiki ni cha bibi," akaachiwa apite. Akageuka mara moja nyuma ya kioo, akainua mkono wenye gazeti. Aliporudi Tokuji nyumbani, hata chai haijachemka, Bwana Pyo alikuwa ameshashuka kwao. Jioni akatuma picha kutoka mlimani kwa bibi yake: kiatu kimoja juu ya majani mafupi, na nyuma yake bahari, na nyuma ya bahari mstari mwembamba wa bluu. Tokuji aliutazama mstari ule muda mrefu kabla ya kuelewa kwamba ndipo alipokuwa amekaa yeye. Hakuwa amewahi kukiona kisiwa kwa upande ule. Kilikuwa kidogo sana.

Usiku ule hakulala vizuri, lakini si kwa wasiwasi. Asubuhi akampigia Ritsuko. Akamwambia kuhusu kiatu. Ritsuko, ambaye miaka miwili alikuwa akizungumza naye kwa sauti ya nesi, akaangua kicheko cha mama yake.

"Mama angekasirika," akasema. "Zile sigara zilimuumiza kifua."

"Nataka huyu Bibi akae naye kabatini," Tokuji akasema. "Upande wa Mama yako. Si upande wangu nitakapokuja."

Ritsuko akakubali kabla hajamaliza.

Dada wa ofisini alisema ndani ya nchi inawezekana, mradi kuwe na mtu wa kutia sahihi. Alipofika penye uhusiano na marehemu, alimsubiri Tokuji, kalamu mkononi. Tokuji akasema aandike mwenyeji. Dada akasema hilo halimo kwenye orodha. Wakatazamana kidogo, kisha akaandika hilo hilo.

Tarehe ishirini kulikuwa na upepo. Mtawa alisoma haraka, mikono ya kanzu yake inapepea. Fundi wa mawe aliacha jiwe la mwisho mpaka mwisho. Hakupata mengi, vipande vichache na udongo mweusi. Aliuliza udongo auache, na Tokuji akasema weka wote. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na sigara. Alikuwa amechukua chai kwenye chupa, na alimmiminia yeye kwanza, akasema polepole asisikike, "Tusamehe, Bibi. Hatukujua."

Simu ikamkaribisha Korea. Safari hii aliitoa mfukoni, akaishika mpaka mwanga wake ulipozimika wenyewe.

Meli ya Fukuoka haina haraka kama boti ya Busan. Ni saa tano na ushee. Ritsuko alikuwa amekuja kumchukua, akakaa dirishani. Baba na mama yake Tokuji walikuwa ndani ya mkoba miguuni. Mitungi miwili, wa Sumie na wa Bibi, aliipakata mwenyewe, imefungwa kwa vitambaa vyeupe, kila mmoja kwenye paja lake. Meli ilipotoka nje ya ghuba na kuanza kuyumba, aliikaza kwa mikono. Alikumbuka kwamba mmoja wao bahari haijamtendea wema, akausogeza ule mtungi karibu zaidi na mwenzake, mpaka vitambaa vikagusana.

Ritsuko akatoa machungwa mfukoni, akampa moja. Tokuji akabaki amenyoosha mkono.

"Mawili zaidi," akasema.